Miguu Tuliyopewa na Mungu: Faida ya Kutembea Kila Siku kwa Mwili na kwa Akili

Somo la juma. Tusome kwanza: 1 Wafalme 19:1-8, Luka 24:13-35, Matendo 20:7-13, 1 Timotheo 4:8

Wengi wenu mlisikia somo hili kwenye redio, na mkaomba liandikwe ili mlisome polepole nyumbani. Najua wengine mlishangaa: mchungaji ameacha kuhubiri wokovu, sasa anahubiri spoti? Hapana. Nataka tuongee juu ya hekalu la Roho Mtakatifu, yaani mwili huu, na juu ya dawa moja ambayo haiuzwi famasi na haiombi franka hata moja. Dawa hiyo ni kutembea kwa miguu kila siku.

Nitaanza na ushuhuda wangu, na si ushuhuda wa kujisifu.

Namna nilivyoacha kutembea

Nilipotoka chuo cha Biblia, nilikuwa mchungaji wa miguu. Hapa Bukavu mnajua milima yetu. Nilipanda Kadutu, nilishuka Nyawera, niliingia katika vichochoro ambavyo hata moto haipiti. Nilitembelea wagonjwa, wafiwa na vikundi vya maombi. Viatu viliisha, lakini nililala vizuri na sikujua tansio ni kitu gani.

Baadaye kanisa likakua, na wapendwa wakaninunulia gari, si jipya, lakini gari. Nilimshukuru Mungu. Toka siku ile miguu yangu ikapata likizo. Hata kwenda kununua mkate kwenye kona nilipiga kontakti. Tuseme ukweli: kwetu mchungaji anayetembea kwa miguu anahesabiwa kuwa mchungaji asiyebarikiwa. Watu wanasema, "Kanisa lake halina kitu." Nami nilipenda kuonekana nimebarikiwa. Katika miaka minne nilitoka kilo 71 nikafika kilo 94.

Usiku mmoja, katikati ya mkesha, kichwa kikaanza kuniuma nyuma, karibu na shingo, na macho yakaona giza. Nilifikiri ni vita vya kiroho, nikaongeza sauti. Asubuhi mke wangu akanipeleka kituo cha afya kwa nguvu. Mashini ikaonyesha 170 juu na 105 chini. Mama muuguzi akaniuliza, "Baba mchungaji, kwa siku unatembea dakika ngapi?" Nilitafuta jibu, sikulipata. Kutoka kitandani hadi kwenye gari, kutoka kwenye gari hadi madhabahuni, basi.

Jambo lililonishtua si namba ile peke yake. Miezi michache kabla, tulikuwa tumemzika mwenzangu tuliyesoma naye chuo cha Biblia. Alikuwa na miaka 47. Alipooza upande mmoja kwa ule ugonjwa waganga wanaouita AVC, na siku ya tatu akatuacha, na watoto watano. Tulikuwa tumemwombea sana maumivu ya kichwa. Tulikemea roho za ukoo wake. Lakini hakuna hata mmoja kati yetu sisi wachungaji aliyemwambia, "Ndugu, nenda upimwe tansio." Maombi hayakuwa kosa. Kosa letu lilikuwa kufanya moja na kuacha lingine. Deni hilo ninalibeba mpaka leo, na ndiyo sababu ninaandika somo hili.

Biblia ni kitabu cha watu waliotembea

Bwana wetu alitembea. Kutoka Galilaya mpaka Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 100, naye alikwenda na wanafunzi wake kwa miguu, akifundisha njiani. Wale wawili wa Emau walitembea kama kilomita 11, na usiku ule ule wakarudi. Isaka alitoka kwenda shambani jioni ili kutafakari (Mwanzo 24:63). Paulo, baada ya kuhubiri usiku mzima kule Troa, usiku ule kijana Eutiko alipoanguka dirishani, aliwaambia wenzake wapande merikebu, naye akachagua kwenda Aso kwa nchi kavu. Luka hatuambii sababu. Mimi nafikiri alihitaji kuwa peke yake na Mungu, na njia ilikuwa chumba chake cha maombi.

Wengine watanijibu kwa 1 Timotheo 4:8: Paulo amesema mazoezi ya mwili yanafaa kidogo tu! Ni kweli, utauwa unafaa kwa mambo yote, kwa maisha haya na yale yajayo. Lakini tusome vizuri. Kidogo si bure. Mtu akikupa chumvi kidogo, sombe inapata ladha. Paulo mwenyewe alitembea nchi nyingi. Angeandika nini leo kwa mkristo anayepanda moto kwa mita 300?

Faida kwa mwili

Sasa tuingie katika mambo ya waganga, lakini kwa maneno mepesi.

*Moyo na tansio.* Moyo ni pampu. Ukitembea haraka kidogo, moyo unafanya kazi na unazoea, kama vile mkono wa fundi unavyozoea nyundo. Mishipa ya damu inapanuka na kubaki laini, damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu kubwa, na tansio inashuka pole pole. Tena misuli ya nyuma ya mguu, chini ya goti, inabana mishipa kila unapopiga hatua na kurudisha damu juu. Ndiyo maana wengine wanaiita moyo wa pili. Mtu anayekaa kitini siku nzima, miguu inavimba, kwa sababu moyo huo wa pili umelala.

Kuna uchunguzi mmoja wa zamani ninaoupenda. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake kule London walitoa matokeo yao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Katika kila basi kulikuwa na watu wawili: dereva, aliyekaa siku nzima, na mkata tikiti, aliyepanda na kushuka ngazi za basi siku nzima. Basi ni lile lile, mji ni ule ule. Lakini madereva walipata ugonjwa wa moyo kuliko wakata tikiti. Walipolinganisha wapeleka barua waliotembea na makarani waliokaa biro, waliona vile vile. Ninyi ndugu zangu wa moto na wa taksi, mkisikia haya, mjue kwamba kukaa juu ya kiti siku nzima ni kazi inayochosha mwili bila kuujenga.

*Sukari.* Tukila bugali, ndizi au mkate, chakula kinageuka sukari ndani ya damu. Misuli ikitembea inaivuta sukari ile na kuitumia, kama makaa yanavyoliwa na moto wa jiko. Misuli ikilala, sukari inabaki ndani ya damu. Kwa hiyo dakika 10 hadi 15 za kutembea baada ya kula zinasaidia sana, hasa kwa mwenye ugonjwa wa sukari. Desturi yetu ya kula usiku bugali kubwa na kulala papo hapo, wapendwa, tuifikirie tena.

*Mifupa na viungo.* Mfupa unaobeba uzito unabaki mgumu. Magoti hayaishi kwa kutembea kama watu wengi wanavyofikiri. Ndani ya goti kuna maji mazito yanayolainisha na kulisha gegedu, na maji hayo yanazunguka mguu unapojongea. Mama mzee anayekaa tu kwa kuogopa maumivu, mara nyingi maumivu yanazidi na misuli inakonda, kisha anaanguka.

*Usingizi na tumbo.* Anayetembea, hasa asubuhi kukiwa na mwanga wa jua, mwili wake unajua saa ya kuamka na saa ya kulala. Na tumbo lililofunga linafunguka. Hayo hayahitaji maelezo mengi.

Faida kwa akili na kwa nafsi

Hapa nataka tukae, kwa sababu katika mkoa wetu hapa ndipo watu wanaumia bila kusema. Tumepita katika vita, tumezika watu, tumekimbia nyumba zetu. Kuna mkristo anayeimba kwaya siku ya Mungu, lakini siku ya kazi moja hawezi kutoka kitandani. Tunamwambia, "Imani yako imepungua." Tusome habari ya Elia kabla ya kumhukumu mtu huyo.

Elia alikuwa ameita moto kutoka mbinguni. Siku chache baadaye anakimbia, anamwacha mtumishi wake, anaketi chini ya mti jangwani na kuomba afe. Nabii! Na Mungu alimfanyia nini? Hakuanza na hotuba. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akala tena. Kisha akatembea siku 40 mpaka Horebu. Ni kule, baada ya usingizi, chakula na safari, ndipo Mungu aliongea naye kwa sauti ya utulivu, akampa kazi mpya, na kumjulisha kwamba hayuko peke yake, kuna wengine 7,000. Angalia mpangilio huo. Mungu aliyeumba nafsi alijua kwamba nafsi inakaa ndani ya mwili.

Waganga wa akili wanasema jambo linalofanana. Mtu mwenye huzuni nyingi anakaa mahali pamoja na mawazo yake yanazunguka kama jiwe la kusagia. Akitoka na kutembea, ubongo unapata damu zaidi, mwili unatoa vitu vinavyotuliza maumivu na wasiwasi, na macho yanaona vitu vingine: ziwa, watoto, mama anayeuza sambaza. Kutembea kila siku kumeonekana kupunguza huzuni na wasiwasi kwa watu wengi. Hata kumbukumbu inafaidika. Mwaka 2011, kule Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya wazee 120. Wale waliotembea dakika 40, mara tatu kwa juma, kwa mwaka mmoja, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu iliongezeka kwa asilimia kama 2. Kwa wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu, ilipungua.

Lakini nisidanganye mtu. Kutembea hakufuti mambo mabaya uliyoyaona. Kama unasikia sauti ya kukuambia ujiue, kama hulali majuma mengi, kama kila usiku unarudi katika siku ile ya mashaka, usibaki na miguu tu. Njoo kwa mchungaji, nenda kwa mganga, zungumza na mtu. Elia pia alihitaji malaika wa kumgusa.

Tutembee kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima ajongee kwa nguvu ya kadiri dakika 150 hadi 300 kwa juma. Yaani nusu saa, siku 5 kwa juma, tayari ni vizuri. Unaweza kuigawanya: dakika 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni.

Wengine wameona kwenye telefone kwamba ni lazima hatua 10,000. Hiyo siyo amri ya Musa. Namba hiyo ilianza Japani mwaka 1965, kampuni moja ilipokuwa inauza kifaa cha kuhesabu hatua na kukipa jina lenye namba hiyo. Ukipata hatua chache kuliko hizo bado unafaidika, na anayefaidika zaidi ni yule aliyekuwa hatembei kabisa.

Nguvu ya kadiri ni nini? Kipimo ni chepesi, hasa kwa wanakwaya: ukitembea, uweze kuongea na mwenzako, lakini usiweze kuimba wimbo mzima. Kama unaimba bila shida, ongeza mwendo. Kama huwezi hata kuongea, punguza. Kwenye mteremko wa Kadutu, ukiwa unapanda, piga hatua fupi, usishindane na vijana.

Kwa anayeanza, fanya hivi:

1. Juma la kwanza: dakika 10 kila siku, mahali pa tambarare.
2. Juma la pili na la tatu: dakika 15 hadi 20.
3. Juma la nne: dakika 30, na kilima kidogo.
4. Vaa kiatu kinachokushika mguu. Kiatu cha ibada chenye ncha kiache nyumbani.
5. Tembea kukiwa na mwanga, na kama inawezekana mkiwa wawili. Tunajua hali ya usalama. Usiku si wakati wa kutafuta afya.
6. Wakati wa mvua, barabara ikiwa matope, zunguka ndani ya kanisa. Viti vikisogezwa, kuna nafasi ya kutosha.

Maonyo matatu

La kwanza: kutembea hakuchukui nafasi ya vidonge. Mimi bado nakunywa kidonge changu cha tansio kila asubuhi. Mtu asiache dawa kwa sababu ameanza kutembea, wala kwa sababu ameombewa. Kama Mungu amekuponya, mashini itashuhudia na mganga ndiye atakayekuambia uache. Mungu haogopi kupimwa.

La pili: ukisikia maumivu kifuani, pumzi ikikata, au kizunguzungu, simama, nenda kwa mganga. Mwenye ugonjwa wa sukari aangalie nyayo zake kila jioni, kwa sababu anaweza kupata kidonda bila kusikia maumivu. Na mwenye tansio ya juu sana aonane kwanza na mganga.

La tatu, na hili naliandika kwa heshima. Kuna mama zetu wanaopanda mlima huu kila siku na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kilo nyingi kuliko uzito wao. Mama kama huyo hahitaji kuambiwa atembee. Anahitaji kupumzika, kula vizuri, na mtu wa kumsaidia mzigo. Kutembea kunakojenga ni kule ambako mwili unapata nafasi ya kupumua. Baba, kama mke wako anabeba maji, kuni na mtoto, na wewe unatafuta spoti, spoti yako iko hapo: chukua bidoni.

Kilichotokea njiani

Nilianza kutembea dakika 10. Siku za kwanza niliona haya. Watu waliuliza kama gari limeharibika. Mzee mmoja wa kanisa alinifuata kwa siri akauliza kama kanisa linidai mafuta. Nilimwambia, "Baba mzee, gari ni zima. Mwenye gari ndiye aliyeharibika." Alicheka, na juma lililofuata alitembea pamoja nami.

Juma la tatu nilikutana na mama mmoja mjane njiani, anauza makaa. Hakuwa amefika kanisani kwa miezi mitatu. Nilimsalimia nikamuuliza habari. Aliangalia chini, akaniambia, "Baba mchungaji, kila siku unapita hapa. Mimi nakuona, lakini kioo cha gari kimefungwa." Ni kweli, nilikuwa nakifunga kwa sababu ya vumbi. Aliacha kuja kwa sababu hakuwa na sadaka, akaona haya kupita mbele na mikono mitupu. Tulisimama pale kama nusu saa. Nilimwomba msamaha. Sasa anakuja, na hakuna anayehesabu mikono yake.

Siku ile nilielewa kwamba gari lilininyang'anya vitu viwili: afya yangu na kondoo wangu. Silaani gari. Nalitumia kwa safari ya mbali na kwa wagonjwa. Lakini ziara za kartie nazifanya kwa miguu. Baada ya miezi minane nilikuwa nimepunguza kilo 9, na tansio, pamoja na kidonge, ikawa 138 juu ya 86. Kuna siku inapanda tena, hasa siku za mazishi na za mikutano mirefu. Bado naendelea.

Kwa vikundi vya nyumbani: tuzungumze

- Mara ya mwisho ulipimwa tansio ni lini? Mpange siku moja mwende wote pamoja.
- Ni mtu gani katika kanisa letu tunayempita kila siku bila kumwona?
- Katika nyumba yako, nani anatembea kupita kiasi, na nani hatembei kabisa? Mnaweza kusaidiana namna gani?

Tuombe

Baba, asante kwa miguu hii. Utusamehe kwa kuudharau mwili ulioununua kwa damu ya Mwana wako. Uwatie nguvu walio chini ya mti kama Elia, uwatumie mtu wa kuwagusa na kuwapa mkate. Utembee nasi njiani kama ulivyotembea na wale wa Emau, na utufungue macho tuwaone ndugu zetu. Kwa jina la Yesu. Amina.

Mpendwa, ukimaliza kusoma karatasi hii, usiikunje uiweke ndani ya Biblia kwanza. Mpelekee jirani, kwa miguu. Mungu awabariki.